Gurudumu la Kulia Halikuwa na Kosa

Nilikuwa nashuka mlima Kitonga na Probox yangu, imebeba matenga 7 ya nyanya za Ilula, shemeji yangu yuko pembeni anatafuna mahindi ya kuchoma, mbele yetu lori la Tunduma linateremka taratibu kama bibi harusi. Nikagusa breki. Usukani ukageuka wenyewe kwenda kulia. Haukugeuka kwa nguvu, ulikuwa kama mtoto anayekuvuta mkono mkipita mbele ya duka la pipi. Sasa kwa sisi tunaoendesha upande wa kushoto, kulia ndiko wanakotokea wenzako wanaopanda, na Kitonga si mahali pa kuwafuata huko.

"Shemeji, unasinzia?"

"Sisinzii. Gari linavuta."

Akaacha kutafuna.

Niliweka gia kwenye L, nikaiacha injini ilishike gari, breki nikawa naigusa pale tu ilipobidi. Kila nikiigusa, kulia. Nikiiachia, linanyooka lenyewe kama halijafanya kitu. Jibu la nusu ya tatizo lilikuwa hapo hapo, mikononi mwangu, ila kwa muda wa mwezi mzima hakuna aliyeniuliza na mimi sikujua kwamba ni jibu.

Ruaha Mbuyuni tulisimama, nikaongeza magunia mawili ya vitunguu. Ndiyo, gari linavuta na bado nikaongeza mzigo. Anayefanya biashara hii ataelewa, asiyefanya anisamehe.

Nilianza kwa fundi pancha, na hapo sijutii. Geji ilisoma 28 kulia na 32 kushoto, nikafurahi kama aliyeokota pesa. Akajaza zote sawa, nikamlipa, tukaondoka. Furaha yangu ilidumu mpaka matuta ya kwanza ya hifadhi ya Mikumi. Breki, kulia. Hata hivyo bado nasema anza na upepo, kwa sababu ni kazi ya dakika tano na haikuachi maskini. Tairi lenye upepo mdogo kweli huvuta gari upande wake. Ila huvuta muda wote, umekanyaga breki au hujakanyaga. La kwangu lilikuwa linasubiri breki.

Kosa langu la kwanza la kulipia lilikuwa alaimenti. Kule Morogoro nililipeleka kwenye mashine yenye kompyuta, namba nyekundu zikageuka za kijani, kijana akanipa karatasi iliyochapishwa vizuri. Nilitoka pale na gari lililonyooka barabarani kuliko siku zote, na lililovuta kulia kwenye breki kama kawaida yake. Kijana yule hakunidanganya, alifanya nilichomwomba. Alaimenti inahusu namna magurudumu yanavyotazama mbele wakati gari linatembea. Kama gari linanyooka mkono ukiwa umelegea, halafu linakengeuka pale tu unapokanyaga breki, alaimenti si mahali pa kwanza pa kupeleka pesa. Tena barabara zetu nyingi zimejengwa zikiwa na mgongo katikati ili maji yakimbilie pembeni, kwa hiyo gari zima kabisa ukiliachia usukani hutambaa kidogo kuelekea kushoto. Langu lilikuwa linapanda mgongo huo kwenda kulia. Kwa hiyo kulikuwa na nguvu ya kweli inayolivuta, na nguvu hiyo ilikuwa inazaliwa kwenye breki.

Basi nikaenda gereji. Fundi wa kwanza alikuwa kijana mchangamfu, mikono myepesi, na katika mazungumzo yote alimtazama shemeji yangu. Gari ni langu, ninayeliendesha ni mimi, shemeji hata leseni hana. "Kaka, hii breki ya kulia inashika sana." Shemeji akaniangalia, mimi nikaitikia. Ilinikaa akilini. Gari linakwenda kulia, basi ugonjwa uko kulia. Hata ningekuwa mimi fundi siku ile ningesema hivyo hivyo.

Akafungua gurudumu la kulia peke yake. Akatoa kalipa, lile koleo la chuma linalozibana pedi za breki kwenye diski, sahani inayozunguka na gurudumu, akaiachia ining'inie kwa mpira wake wa mafuta, ule mafundi wanaouita hozi, akaenda kununua pedi. Nilikaa kwenye benchi dakika 40 naitazama ile kalipa inavyobembea kila mtu akigonga boneti, na wala sikuona ubaya wowote. Akarudi na pedi, akaweka kulia tu. "Za kushoto bado nzima," alisema, na kweli ukichungulia kupitia matundu ya rimu, pedi ya kushoto ya nje ilikuwa nene kabisa.

Tukalijaribu. Halivuti! Au linavuta kidogo mno, la kusingizia upepo. Nikatoa 25,000 ya pedi na 15,000 ya ufundi, nikamshukuru na soda juu.

Siku ya tatu nikiwa Mikumi, kundi la nyani limekaa barabarani linasubiri ndizi za wasafiri. Nikakanyaga. Gari likapunguza mwendo, lakini polepole, kama linafikiria kwanza. Nyani mkubwa akaondoka bila haraka, akanitazama kwa dharau, na boneti ilisimama pale alipokuwa amekaa. Sikuwa nimeona tofauti hiyo mjini. Lilikuwa halivuti, ila pia halisimami.

Wiki moja baadaye kuvuta kulikuwa kumerudi palepale, hata kuzidi.

Maelezo ya jambo hilo niliyapata kwa mzee mmoja mwenye gereji ya mabati karibu na Msamvu, Morogoro. Alinipeleka dereva wa bodaboda ambaye hunibebea mizigo sokoni. Gereji haina bango. Kuna mwembe, benchi, na mzee amevaa kofia ya baraghashia iliyokwisha kuwa rangi ya oili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Gari linasemaje?"

Shemeji akaanza kujibu. Mzee akamwinulia kiganja kwa upole. "Anayeendesha nani?"

Hapo nikampenda.

Hakuinuka. Aliniuliza maswali akiwa amekaa. Linavuta ukikanyaga tu, au hata ukiwa unatembea? Ukikanyaga tu. Ukigusa kidogo na ukikanyaga sana, ni sawa? Ukikanyaga sana linazidi. Usukani unatetemeka mkononi? Hapana, unakwenda tu. Ukitetemeka, alisema, tungezungumza habari za diski kuliwa vibaya, ni ugonjwa mwingine. Ukiachia pedali, linaachia hapo hapo au linaendelea kushikilia? Linaachia. Asubuhi likiwa la baridi na jioni likiwa limetembea? Sawa tu. Kuna aliyelifungua karibuni? Nikamweleza yote, alaimenti, pedi, nyani. Kwenye nyani alicheka mpaka akavua kofia.

Kisha akaliendesha mwenyewe, mimi nikakaa pembeni. Tulitafuta kipande kilichonyooka, hakina watu. Akafika kilomita 40 kwa saa, akalegeza mikono bila kuiondoa mbali na usukani, akaacha gari litembee. Likanyooka. Akakanyaga. Kulia. Akarudia mara sita au saba, safari nyingine kwa nguvu, akarudi chini ya mwembe bila kusema kitu. Akaomba chupa yangu ya maji ya kunywa.

Alichovya kidole, akapitisha matone mawili matatu kwenye tundu la rimu ya kulia mpaka kwenye diski. Yakachemka, chwii, yakatoweka. Akaenda kushoto akafanya vilevile. Matone yakakaa juu ya chuma, yakateleza taratibu mpaka chini. (Matone, si kumwaga chupa. Diski yenye moto mkali ukiimwagia maji inaweza kupinda, ukajitengenezea ule ugonjwa mwingine wa kutetemeka.)

"Umeona? Lipi limefanya kazi?"

"La kulia."

"Na wewe umelipeleka hospitali lipi?"

Wakati ule alikuwa anapita kijana na mkokoteni wa maji. Mzee akanyoosha kidole. Mkokoteni una magurudumu mawili. Ukitembea na mtu akalikamata gurudumu la kulia, mkokoteni utageukia kulia, maana kulia pamezuiwa na kushoto panaendelea kwenda. Gari ni hivyo hivyo. Ukikanyaga breki linageukia upande unaoshika. Sasa lile linaloshika linaweza kuwa linashika kupita kiasi, hilo lipo, lakini mara nyingi zaidi linashika kama inavyotakiwa na mwenzake ndiye mvivu. Yule fundi wa kwanza alimwadhibu aliyekuwa anafanya kazi. Na kwa nini nilipata nafuu siku chache? Kwa sababu pedi mpya huwa haijalala vizuri na diski, inagusa kwa sehemu ndogo tu, kwa hiyo inashika kidogo. Alichofanya ni kulidhoofisha gurudumu zima lifanane na bovu. Mizani ikakaa sawa, nikafurahi, na gari likabaki na breki za mbele zisizotosha kwa pande zote mbili. Pedi zilipolala, kulia kukapata nguvu tena, kuvuta kukarudi.

Jambo hili bado hunitisha nikilifikiria. Breki za mbele ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha gari, maana ukikanyaga, uzito mwingi unaangukia mbele. Mimi nilikuwa natembea na moja, kisha kwa siku kadhaa na nusu mbili.

Kufungua kushoto kulikuwa shule nyingine. Probox, kama gari nyingi ndogo za Toyota, mbele ina kalipa ya pistoni moja. Pistoni iko upande wa ndani, inaisukuma pedi ya ndani kwenye diski, halafu kalipa nzima inatakiwa iteleze kwenye pini zake mbili ili iivute na ile pedi ya nje ibane. Pini zikikwama, kalipa haitelezi. Pedi ya ndani inafanya kazi peke yake mpaka inakwisha, ya nje inakaa kama mgeni. Mzee aliziweka pedi zangu mbili za kushoto juu ya benchi. Ya nje nono, ya kupigia picha. Ya ndani imebaki bati na unga. Na ile tuliyoichungulia siku ile kupitia matundu ya rimu, tukasema za kushoto bado nzima, ilikuwa ya nje.

Pini ya juu ilitoka kwa koleo na matusi kidogo. Ya chini ilihitaji mafuta ya kulegeza kutu, nyundo, na muda wa mzee kunywa chai. Ilipotoka ilikuwa imevaa grisi nyeusi nzito, na kijimpira kilicho kwenye ncha yake kimevimba kama maharage yaliyolala kwenye maji. Mzee akanusa. "Grisi ya beringi." Mtu fulani, kabla yangu, alitaka kuwa mwema akapaka grisi aliyokuwa nayo. Grisi ya kawaida ina mafuta yanayotokana na mafuta ghafi ya ardhini, na mafuta hayo yanavimbisha mipira ya breki. Inayotakiwa ni ile ya breki, ya silikoni, ambayo haigombani na mpira na inavumilia joto. Kitu kingine alichonionyesha: zile pini mbili si pacha. Moja ina kijimpira, nyingine haina, kila moja ina tundu lake. Ukizibadilishana nafasi, hata ukipaka grisi ya dhahabu, utarudi.

Wakati anafanya hayo yote, kalipa alikuwa ameifunga kwa waya kwenye springi ya shokapu. Nikamuuliza kwa nini asiiache tu ining'inie.

"Hozi si kamba, mwanangu."

Nikakumbuka zile dakika 40 kwenye benchi. Nikanyamaza.

Kilichofuata kilinichoma zaidi ya nyundo. Alikataa kuacha pedi mpya za kulia. Pedi hubadilishwa pande zote mbili kwa pamoja, aina moja, boksi moja, la sivyo unajinunulia kuvuta kwingine. Ile 25,000 yangu ikaenda kwenye ndoo ya vyuma chakavu. Alinituma nikanunue seti, mwenye duka akaniuliza swali letu la siku zote, "OG au ya kawaida?" Ya kawaida ni jina la heshima la feki. Nikachukua OG, nikala maharage wiki hiyo.

Mafuta ya breki nayo yalikuwa yamekuwa rangi ya kahawa. Kabla halijawa langu, gari lilikuwa limeishi Dar es Salaam, na mafuta haya ya DOT 3 yana tabia ya kunywa unyevu wa hewani. Yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205 za Selsiasi au juu ya hapo, yakishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi kama 140. Kwenye mteremko mrefu, breki zikipata moto, mafuta ya zamani yanaweza kuchemka ndani ya bomba, na mvuke hubanwa kama puto. Pedali inakwenda chini na gari haliji. Maji hayo hayo pia hulisha kutu pistoni na silinda kwa ndani. Wengi wanashauri yabadilishwe kila baada ya miaka miwili. Langu sidhani kama yalikuwa yamewahi kubadilishwa tangu litoke Japani. Nikakaa kwenye usukani, mzee akawa chini na bomba la plastiki na chupa: "Kanyaga. Shika. Shika hapo hapo! Haya, achia." Mpaka yalipotoka meupe bila kipovu. Mguu wa kulia ulikufa ganzi, na shemeji aliyekuwa akisimamia kwa macho alisema kazi haikuwa ngumu.

Tulipolijaribu lilisimama limenyooka kama mtu aliyeitwa jina. Mzee akaniagiza nizilaze pedi barabarani, kutoka kilomita 50 hadi karibu 10, bila kusimama kabisa, mara kama 10, nikiacha nafasi zipoe kidogo kila baada ya moja. Nikafanya, huku magari ya nyuma yananipigia honi.

Kabla sijaondoka aliniomba nifanye kitu kimoja zaidi. Alichuchumaa kando ya gurudumu la mbele, akaniambia niende mbele hatua moja nikanyage, nirudi nyuma hatua moja nikanyage. Alikuwa anaangalia kama gurudumu zima linasogea ndani ya matao ya bodi. Bushi za mkono wa chini, yaani mipira ya kile chuma kinacholishikilia gurudumu, zikifa, alisema, ukikanyaga breki gurudumu linarudishwa nyuma, linabadili mwelekeo, na gari linavuta hata kama breki ni mpya za kiwandani. Mara nyingi utasikia na mlio wa "ko". Zangu zilikuwa nzima. Nilijifunza bila kulipia.

Miezi mitatu ilipita salama, nyanya zikapanda bei, zikashuka. Kisha gari likaanza tena. Safari hii kushoto.

Hapo sasa nilikuwa najiona fundi. Linavuta kushoto, nikamwambia shemeji kwa sauti ya mwalimu, basi mvivu ni wa kulia. Tukanunua vijimpira vya pini na grisi ya breki, tukalifungua gurudumu la kulia uani, kalipa nimeifunga kwa waya kama mzee. Pini zikateleza kwa kidole. Pedi za ndani na nje zimelika sawasawa. Hakuna kosa. Tukafunga.

Nikajaribu tena nikiwa makini zaidi, na nikagundua nilikuwa nimelisikiliza nusu. Nikigusa breki, mwanzoni linakwenda kushoto. Nikiachia pedali, halinyooki. Linageuka kulia na linakuwa zito, kama kuna mtu kalikamata nyuma. Baada ya kilomita chache ikaja harufu ya pedi inayoungua. Nikajaribu matone ya maji, na hapo elimu yangu ikagonga ukuta, kwa sababu kulia, kule nilikosema kuna mvivu, kulikuwa na moto wa kupikia chapati, na kushoto kulikuwa na moto wa kawaida tu.

Nikampigia mzee simu. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza lile swali lake la zamani ambalo mara ya kwanza nililijibu haraka: ukiachia, linaachia? Haliachii. "Inua gurudumu la kulia. Kanyaga, achia, kisha ulizungushe kwa mkono. Likikataa kuzunguka, fungua kidogo tu nipeli iliyo kwenye kalipa, ile ya kutolea upepo wa breki, uangalie. Halafu unipigie."

Tuliweka mawe nyuma ya magurudumu, jeki, na tairi la akiba tukalilaza chini ya chesi maana jeki za siku hizi siziamini. Shemeji akakanyaga, akaachia. Nikalishika tairi. Halikuzunguka. Nilivuta kwa mikono miwili, likakataa. Nikalegeza nipeli kwa spana, mafuta yakaruka mstari mmoja mwembamba na kunipata shavuni, na papo hapo tairi likazunguka lenyewe kwa kidole. (Yakikurukia, nawa kwa maji haraka. Yakiangukia rangi ya gari, nawisha haraka zaidi, yanaibabua.)

Mzee akafafanua. Kama ningefungua nipeli na gurudumu bado likabaki limekwama, kosa lingekuwa la chuma: pistoni imeshika kutu au pini zimekwama. Lakini limeachia mafuta yalipotoka, maana yake kilichokuwa kinalishikilia ni mgandamizo uliofungiwa. Mafuta yalifika, yakashindwa kurudi. Na kwa kuwa ni gurudumu moja tu, mshukiwa wa kwanza ni hozi ya gurudumu hilo.

Aliibadilisha kesho yake, pamoja na ya kushoto kwa sababu zina umri mmoja. Ile ya zamani akaichana kwa kisu kwa urefu ili nione. Kwa nje ilikuwa safi, haina ufa, haivuji, hakuna ambaye angeishuku. Kwa ndani ngozi yake ilikuwa imebanduka, kipande kimelala kwenye njia kama mlango wa upande mmoja. Nikikanyaga, nguvu ya mguu inayapenyeza mafuta kwa kuchelewa, na katika kuchelewa huko kushoto kunashika kwanza, gari linakwenda kushoto. Nikiachia, pistoni haina nguvu ya kuyarudisha mafuta, inategemea tu mpira wake mdogo unaoinyumbua nyuma, na mpira huo hauwezi kuusukuma ule mlango. Kulia kunabaki kumebana. Gari moja, hozi moja, kuvuta kwa aina mbili.

Nikamsimulia kuhusu fundi wa kwanza na kalipa iliyobembea dakika 40. Siwezi kuapa kwamba ndiye aliyeiharibu kwa ndani, maana hozi yenyewe ilikuwa na umri wa gari, na gari ni la 2006. Mzee hakumsema mwenzake. Alifuta mikono, akasema bei.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuudhi kwenye maegesho ya Ilula. Mwezi uliopita dereva mmoja wa Noah, tunanunua nyanya kwa wakulima walewale, alikuwa analalamika gari lake likikanyagwa breki linavuta kushoto, na kwamba Jumamosi anakwenda kubadilisha pedi za kushoto. Nikamwambia kaka yangu, subiri, usilipie kitu. Tukapanda, tukalizungusha barabarani, breki za nguvu mara saba, tukarudi. Watu walikuwa wameshatuzunguka. Nikaomba chupa ya maji kwa madaha yote, nikachovya kidole kama mzee.

Kushoto, chwii. Kulia, chwii. Sawasawa kabisa.

Wakaanza kucheka. Nikamrudishia chupa yake, nikachuchumaa kando ya gurudumu la mbele, nikamwambia aende mbele hatua moja akanyage, arudi nyuma hatua moja akanyage. Mara ya pili tukasikia wote. Ko.